Wagombea udiwani wa kata yetu hapa Mbeya, nimewapa nyota

Huwa naandika tathmini za vitu vidogo vidogo tu, saluni, mgahawa wa supu pale Kabwe, wauza vitambaa wanaokupunja kwenye kupima, na watu mnaniambia endelea dada unatusaidia. Safari hii, kampeni za Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 zikiwa zinaendelea, nawafanyia wagombea udiwani. Msishangae, udiwani ni huduma na tunailipia, kwa ushuru, kwa leseni, kwa ada ya taka, tofauti yake na duka ni kwamba hapa ukichukua kitu kibovu hurudishi mpaka miaka mitano iishe. Kata yangu sitaitaja maana Mbeya tunajuana, majina yao sitaweka na vyama vyao sitaji, sitaki mtu aje anisimamie mlangoni nikiwa nashona. Wa kwetu mtawajua. Wa kata zingine nahisi mtadhani nimewaongelea wa kwenu.

Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025 tukifika kituoni tunapewa karatasi tatu, ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani, na kiukweli hiyo ya tatu watu wengi wanaitumbukiza kama wanatupa vocha iliyokwanguliwa. Mtu anakwambia kabisa mi diwani simjui wa nini, namjua mbunge. Alafu mvua zikianza mwezi wa kumi na moja kasimama mlangoni na fagio anasukuma maji huku anaitukana serikali. Serikali ipi sasa? Iliyo karibu kabisa na hilo fagio lako ni diwani.

Kuna na wanaosema si tulishachagua mwaka jana jamani. Hapana, tarehe 27 Novemba 2024 tulichagua wenyeviti wa mitaa na wajumbe wao. Diwani anakuja na Uchaguzi Mkuu. Jiji letu lina kata 36 na mitaa 181, kwaiyo wenyeviti ni wengi na wapo karibu na wewe kweli, lakini anayeingia kwenye baraza na kunyoosha mkono bajeti ipite au isipite ni yule mmoja wa kata, ukiongeza wale mama zetu wa viti maalumu na wabunge. Na hao hao ndio wanaomchagua meya. Sisi meya hatumpigii kura, wanamalizana wao humo ndani wakishaapishwa. Mkurugenzi ndio kabisa, anateuliwa na Rais. Sasa ukimchukulia poa diwani ujue umemchukulia poa na meya.

Mwaka huu kampeni zenyewe zimepoa, tusidanganyane. Jimbo limekatwa, sa hivi kuna Mbeya Mjini na kuna Uyole, kuna watu hawajui hata wameangukia upande gani. Chadema hawamo kwenye karatasi, na huu sio mji wa kusahau kwamba 2015 Chadema walilichukua jiji mpaka meya akatoka kwao. Kwaiyo nina majirani wamesema hawaendi kabisa, wengine wanasema wataenda kwa ajili ya diwani tu. Mi hapo sibishani na mtu. Naandika kwa ajili ya yule atakayekwenda.

Kipimo nilichotumia ni mtaro. Mbele ya fremu ninayoshonea kuna mtaro wa mawe, ulijengwa vizuri tu, mawe yamepangwa, saruji ya maana, ukaja ukaja ukafika kwenye mparachichi wa jirani ukaishia hapo. Hamna kalavati, hamna pa kutokea maji, limebaki shimo. Na watu wakiona shimo wanajua jalala, humo kuna magunzi ya mahindi, pampasi, chupa za soda, kuna kiatu kimoja cha shule sijui mwenzake yuko wapi. Mvua za Aprili maji yalijaa yakapanda kizingiti yakaingia ndani usiku, nilikuwa na gauni la kipaimara la binti wa mtu, jeupe, limening'inia kwenye hanga limebaki kuwekwa lesi tu, asubuhi nakuta pindo limenyonya tope mpaka kiunoni. Kitambaa kingine nilinunua kwa hela yangu na mteja bado alinuna.

Nimeuulizia sana huu mtaro. Ofisi moja inanituma nyingine, hiyo nyingine inasema rudi mtaani, mtaani wanasema tuvumilie bajeti. Na kabla hujasema huyu dada analeta stori za mtaro kwenye mambo ya uchaguzi, kaulize kata ya Itezi hapa hapa jijini. Aprili 2024 mlima Kawetere ulishusha tope likafunika nyumba za watu na shule. Mji wetu umekaa kwenye mteremko, juu milima, chini sisi, maji yakianza kushuka hayaulizi hii kata ya chama gani.

Kwaiyo kila mgombea aliyepita nimemuuliza hilo hilo, mheshimiwa, mtaro huu utaufanyaje? Na jibu ninalolitaka sio "nitajenga". Ukisema nitajenga nyota moja imeondoka hapohapo, maana diwani hana greda wala mfuko wa saruji. Barabara za mitaani tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, ile kubwa ya kwenda Tunduma ni TANROADS, wakala wa barabara kuu, maji yana mamlaka yake, umeme TANESCO. Halmashauri wamebaki na taka, masoko, zahanati, shule, leseni, sheria ndogo, na hayo sio madogo. Diwani kazi yake ni kukaa kwenye kile kiti cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, maana mwenyekiti ni yeye na mtendaji wa kata ndio katibu, wakubaliane na wenyeviti wa mitaa kwamba kipaumbele chetu ni hiki, akibebe mpaka kwenye baraza, akising'ang'anie robo kwa robo mpaka kiingie kwenye bajeti ya mtu anayehusika, alafu arudi atuambie kimefika wapi. Basi. Anayeyajua hayo namheshimu hata kama hana hela ya kukodi spika.

Nianze na aliyekuwepo, anataka kurudi. Kwenye misiba huyu baba hana mpinzani. Msiba ukitangazwa asubuhi, mchana kashafika na mchele, kakaa chini ya turubai na wazee mpaka usiku, na baridi ya mwezi wa saba mnaijua ilivyo, jeneza anabeba, kaburini anashika chepe. Sisi watu wa huku mtu aliyezika na wewe humsahau, hilo nampa haki yake. Na kuna kitu alifanya cha kweli kabisa, matundu ya vyoo pale shule ya msingi. Watoto walikuwa wanapanga foleni mapumziko yanaisha hawajaingia, wengine wanakimbilia kwenye migomba ya watu, yeye akasimamia mpaka yakaisha, nimeenda kuyaona kwa macho, yana milango inayofunga na maji yanatoka.

Shida yake anajisifia vya wenzake. Siku ya kufungua kampeni kapanda juu ya gari anasema nimewaletea barabara ya njia nne. Jamani! Njia nne ya Nsalaga mpaka Ifisi ni kilomita 29, ni barabara kuu ya nchi, ni TANROADS, hela za serikali kuu, inapita kata kibao, sasa kila diwani wa njiani akisema ni yake tutakuwa na njia nne ngapi? Hajapumzika, akasema na mradi wa maji ya mto Kiwira kaleta yeye. Nyuma yangu kuna mzee akasema kwa sauti "na mvua je?" watu wakaangua kicheko, mwenyewe akadhani tunamshangilia akainua mkono.

Nilipopewa nafasi nikamwamkia vizuri, nikauliza mtaro wangu.

"Mama, huo mtaro naujua, uko kwenye mpango."

Mpango upi mheshimiwa, wa mwaka gani wa fedha?

"Uko kwenye mpango, mama."

Nikasema sawa, kwenye kikao cha kata ulishawahi kujadiliwa? Akamtazama kijana wake aliyeshika mafaili, kijana akatazama viatu vyake. "Tutalifanyia kazi." Yaani mtu amekaa kwenye kiti miaka mitano, hapo ndio njia yake ya kwenda kwenye hiyo misiba, bado anasema tutalifanyia kazi.

Alafu kuna la mikopo, na hili linaniuma zaidi ya mtaro. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, haina riba hata shilingi. Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Sisi mafundi wanawake tulishaunda kikundi, tuna katiba, tuna akaunti, tulikuwa tunasubiri tu kusikia dirisha limefunguliwa. Unajua tulisikia kwa nani? Kwa dada anayeuza mitumba Mwanjelwa, kwao diwani alibandika tangazo mpaka kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Wa kwetu hakubandika popote, na tulipomuuliza akasema "mbona lilitangazwa". Lilitangazwa wapi baba, makaburini? Cherehani ya kudarizi ningekuwa nayo sa hizi.

Nyota mbili na nusu. Mbili za vyoo, nusu ya misiba, na najua hiyo nusu wengine mtaniona sina utu.

Wa pili ni bosi. Ana maduka, ana malori, ana gari la matangazo, mikutano inaruhusiwa kuanzia saa 2 asubuhi na kweli saa 2 kamili hiyo spika inaamka. Kagawa jezi kwa timu za mtaani, kaweka kombe, kagawa kanga zenye sura yake. Mimi nilipewa, nikaigeuza nikaona rangi imeishia upande mmoja, mi fundi bwana, ile ukiifua mara mbili sura inahama. Nikamuuliza mtaro akanijibu mbele ya watu wote, "Dada yangu, huo nautengeneza kwa hela yangu mfukoni, hata kesho!" Makofi, vigelegele. Mimi sikupiga. Kwanza hiyo kesho imeshapita. Pili, mtu anayemwaga hela zake leo, mkishamweka kwenye kamati inayopitisha mambo ya tenda na vibanda vya soko, atakuwa anazitafuta hela zake au atakuwa anautafuta mtaro wangu? Akamalizia eti atafuta ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme. Ndugu yangu, ile tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU kwa sheria iliyopitishwa Dodoma, diwani hata alale kifudifudi katikati ya ukumbi wa baraza haifuti. Sijui nani alimwandikia. Nyota moja, ya jezi, maana vijana kweli wamecheza mpira na hawakukaa vijiweni.

Sasa wa tatu. Huyu ni mwalimu mstaafu, mama, nusu ya mtaa huu kaifundisha kusoma. Chama chake kidogo, hata bendera zake ukiziona ujue umezitafuta. Gari hana. Anatembea na mabinti wawili, mmoja kabeba kile kipaza sauti cha mkononi cha wauza dawa ya panya, mwingine ana daftari kubwa la kaunta. Kafika fremuni kwangu asubuhi ukungu bado haujaondoka, nikainuka, shikamoo mwalimu, "marahaba mwanangu, ugonile," ndaga, karibu kiti. Kabla ya siasa yoyote akanionyesha kifungo cha koti lake kinaning'inia, nikamshonea dakika moja, nikamwambia mwalimu hiyo sadaka, akakataa, akaweka mia tano juu ya meza. Tangu kampeni zianze ndio mgombea pekee ambaye hela imetoka kwake kuja kwangu kwa sababu nimefanya kazi.

Nikamuuliza mtaro. Hakunijibu, alitoka nje. Akaenda kusimama pale pale unapoishia, akachungulia shimo, akauliza maji yakitoka hapa yanaenda kwa nani? Nikamwonyesha, yanapita kwa mama wa jirani alafu yanaangukia korongoni. Akauliza, "huu mparachichi uko ndani ya kiwanja cha mtu au uko kwenye hifadhi ya barabara?" Miaka yote nimekaa hapo nimekula na maparachichi yake, hilo swali halijawahi kutoka kwa mtu yeyote, si wa ofisini si wa mtaani. Akamwita mzee mwenye mti. Mzee katoka na koti lake na kofia ya sufu, mkali kidogo, akasema wazi, "walikuja kunikatia mti wangu wanasema unazuia mtaro, nikawauliza fidia, wakasema hamna fidia, nikawaambia basi hamna mtaro." Huo mti unamlipia ada ya mjukuu, parachichi sa hivi ni hela mnajua. Mkandarasi akapakia mawe yake akaondoka. Basi, hiyo ndio siri yote! Sisi tunaimba bajeti, bajeti, kumbe ni watu hawajakalishwa chini wakaongea.

Binti akaandika kwenye daftari, jina la mzee, mti mmoja, umbali wa mpaka korongoni walipima kwa hatua. Mwalimu akaniambia, "Sikuahidi mtaro, mwanangu. Nakuahidi kikao na huyu mzee kwenye kamati ya kata, na barua kwa TARURA baada ya kikao, na nakala ya barua nitakuletea uibandike hapo ukutani." Jamani nilitamani uchaguzi uwe siku ile ile.

Sasa nisije kuonekana shabiki tu. Mkutanoni mwalimu hafai. Anasoma kwenye daftari, anaeleza kifungu kwa kifungu kama yuko darasa la sita B, kipaza sauti kinapiga mluzi, vijana wanaondoka mmoja mmoja wanaenda kwa bosi kwenye muziki, mwisho wanabaki wazee na wale mbwa wa mtaani. Na umri nao, vikao vya jiji vinachosha. Alafu kuna hili ambalo watu wananiambia kila siku, kwamba akiingia atakuwa peke yake na chama chake humo ndani, nani atamuunga mkono? Hoja ina uzito, siikatai. Bajeti inapita kwa wingi wa mikono na mkono mmoja ni mmoja. Lakini kamati ya kata ataiongoza yeye awe wa chama gani, hiyo hamna wa kumnyang'anya, na mambo kama huu mtaro yanamalizikia huko chini kabla hayajafika kwa wenye mikono mingi. Wenyeviti wa mitaa watakaokaa naye kwenye hiyo kamati ni wa chama kingine, ni kweli, ila kuna ambao aliwafundisha darasa la nne na aliwachapa. Sidhani kama watapata ujasiri wa kumletea ujeuri.

Kuna kitu hatujakubaliana mimi na yeye na nilimwambia. Anataka wauza nyanya, mchicha na ndizi waliopanga barabarani warudishwe wote sokoni, mji uwe msafi. Mwalimu, wale wakiondoka na wateja wangu wameondoka, mtu anakuja kununua fungu la nyanya ndio anakumbuka ana suruali ya kupunguza. Na hamna mama anayependa kukaa juani na vumbi, wanakimbia gharama za humo ndani. Bei za vizimba na fremu za soko la jiji zinapangwa na hilo hilo baraza unalotaka kuingia, anza na hizo kwanza. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006, likajengwa la kisasa, zuri, nani anabisha, lakini uzuri wa jengo haumlipii mama wa mchicha kodi. Akasema atafikiria. Akaandika na hilo kwenye daftari. Nyota nne.

Wa nne ni kijana wa bajaji. Kasoma, kamaliza MUST, chuo kikuu chetu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, kazi hajapata, akaingia barabarani, umri ishirini na kitu, na sheria inaruhusu kuanzia 21 kwaiyo wazee acheni kumwambia ni mtoto. Vidio zake mnazijua, anasimama mbele ya lundo la taka anasema ada ya taka tumelipa, risiti hii hapa, taka hizi hapa. Anataka mapato na matumizi ya kata yabandikwe ukutani kwa mtendaji kila robo mwaka tuyasome wenyewe. Safi kabisa. Na yeye ndiye wa kwanza kuniambia kwamba mkutano wa baraza la madiwani ni wa wazi, mwananchi unaruhusiwa kuingia ukakaa ukasikiliza diwani wako anaongea nini au analala. Ni kweli, na watu hawaendi kwa sababu hakuna anayewaambia.

Ila ana mdomo. Unamwambia mzee wa watu mbele ya wajukuu zake "zama zenu zimeisha, pisheni"? Mbeya hii? Hata kama una hoja umeshaitupa. Na ukimpigia simu hapokei, ujumbe anausoma kimya. Mtaro wangu nilimwonyesha, akachukua vidio, akakivuta karibu kile kiatu cha shule, akatia na muziki, watu wakacheka sana, wakasambaza, basi ikaishia hapo. Sijamwona tena na kiatu bado kipo. Nyota tatu, na kama 2030 atarudi akiwa amejifunza kuwaamkia watu nitamwangalia upya.

Wa tano kuna bango lake kwenye nguzo ya njia panda, kaka mmoja ana miwani. Hajawahi kuonekana na mtu yeyote ninayemjua.

Kitu kimoja kimeniudhi kwa wote, pamoja na mwalimu wangu. Hamna hata mmoja aliyethubutu kuongelea nyumba za mlimani. Kila mtu anajua kuna watu wanaendelea kupandisha nyumba juu kule kwenye mteremko, viwanja havijapimwa, miti inakatwa, mvua ikija udongo unateremka kwa walio chini. Mipango miji iko halmashauri, ni kazi ya madiwani kabisa hii, ina na kamati yake. Lakini ukimwambia mtu nyumba yako ipo pabaya umepoteza kura ya nyumba nzima, kwaiyo wote wanapita juu juu, tutaimarisha mazingira, tutapanda miti. Miti ipi? Bosi alitaja mikaratusi. Nikaacha kusikiliza.

Kura yangu ya udiwani anachukua mwalimu. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi mpaka saa 10 jioni, majina yakibandikwa nendeni mkayaangalie mapema sio mnafika siku yenyewe mnaanza kugombana na karani mtoto wa watu. Haya yote nilimsomea mama mkwe jana wakati anamenya viazi, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema umeandika vizuri mwanangu ila mimi nampa aliyekuwepo, alibeba jeneza la baba yenu kutoka kanisani mpaka makaburini na tope lile. Nikamwambia mama, tope lile lilitoka kwenye huo mtaro. Akasema najua, na alilikanyaga.